Vitone Vinne vya Nyumba ya Kalekye

Mimi ni mtu wa karatasi. Naliweka wazi mapema ili msije mkasema nina wivu. Duka langu la fotokopi hapa Migwani lilikuwa likichapa vijitabu vya mazishi, kadi za harusi na mitihani ya shule muda mrefu kabla Nthenya hajaja na kompyuta yake yenye kona iliyovunjika, akaniomba meza moja upande wa dirisha. Nilimpa kwa sababu hakuwa na maneno mengi. Wanawake wasio na maneno mengi ni wachache katika soko letu, na mimi si mmoja wao.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza kurasa za mtandao. Siku hizi mtu akifa, jamaa zake walioko Nairobi na Doha hawangoji kijitabu changu. Wanataka kiungo kwenye WhatsApp, wabonyeze, waone picha ya marehemu, ratiba ya siku na orodha ya familia. Nthenya aliziandika kurasa hizo kwa HTML, alama moja baada ya nyingine, kwa mkono. Najua kuna njia za mkato. Vijana wa Kitui mjini wanazitumia na kumaliza kabla chai haijapoa. Yeye alisema anataka kuona kila kitu kimekaa wapi.

Siku moja mvua ilifukuza wateja, nikavuta kiti karibu naye.

"Ona, dada Wavinya," akanionyesha. "Orodha ya vitone naifungua na ul. Kila jina ndani yake nalivalisha li, mwanzo na mwisho. Nikimaliza naifunga na ul ile yenye mkwaju, kijistari hiki kilichoinama. Nikitaka nambari badala ya vitone, naandika ol. Ni hivyo tu."

"Na hivi vingine viko na shimo katikati?"

"Hiyo ni orodha ndani ya orodha. Nimefungua ul ingine kabla sijafunga li ya nje. Ni kama nyumba na watoto. Ukifunga mlango mapema, watoto wanabaki nje."

Nikamwambia hiyo kompyuta yake ina adabu kuliko mume wangu. Akacheka, jambo ambalo halikutokea kila wiki.

Sasa lazima niwaambie Nthenya ni nani, na hapo ndipo watu wa kanisa letu huanza kukohoa. Alizaliwa upande wa Zombe, katika boma la mzee Nzomo. Mzee alikuwa na wake wawili. Wa kwanza, Kalekye, hakupata mtoto. Wa pili, Syombua, alipata wengi, na mkubwa wao ni Gedion. Kwetu Ukambani tangu zamani mwanamke kama Kalekye hakuachwa bila nyumba. Aliruhusiwa kuoa mke, kwa mbuzi na kwa mashahidi, amwolee mwana ambaye hakumzaa. Mke huyo anaitwa iweto. Watoto wake ni wa nyumba ile, yule mama mzee ni susu wao, nyanya yao, na baba yao ni mwana ambaye hakuzaliwa. Hupewa jina kabisa. Mwanamume aliyewazaa kwa damu haulizwi, na msiniulize mimi, sijui.

Basi Kalekye alimwoa Muthoki, msichana wa Kambu aliyekuwa akiuza machungwa kando ya barabara ya Mombasa. Mwana ambaye hakuzaliwa aliitwa Mwangangi. Muthoki akamzaa Nthenya, kisha Jonah. Kitambulisho cha Nthenya kinasema Nthenya Mwangangi, na shuleni watoto walimuuliza kaburi la Mwangangi liko wapi mpaka akakoma kwenda nje wakati wa mapumziko.

Alipoolewa huku Migwani na Ben, shemasi wa kanisa letu, aliwaambia wakwe kwamba baba yake alifariki yeye akiwa mchanga. Mama mkwe alisikitika sana, hata akamwombea kanisani mbele ya watu, mtoto aliyelelewa bila baba. Uongo wa namna hiyo ukishaombewa, utautoa vipi? Mimi aliniambia ukweli mwaka wa tatu wa ndoa yake, tukiwa tunabana kurasa kwa stepla, bila kuinua macho. Nilimwambia amweleze Ben. Akasema, "Nitamwambia." Miaka mingine miwili ikapita.

Kisha Kalekye akafariki, mwezi wa Agosti, akiwa na miaka themanini na tisa. Muthoki ndiye aliyemfunga macho. Alikuwa ameishi naye zaidi ya miaka arobaini katika boma lile, akimchotea maji mtoni, na mwishoni akimgeuza kitandani.

Muthoki alipiga simu dukani asubuhi ile ile. Nthenya aliweka sauti juu kwa sababu mikono ilikuwa kwenye kompyuta, nami nikasikia.

"Uandike yote," mama yake alisema. "Sijui kusoma, lakini hiyo kitu yenu watu wanaamini. Uandike nyumba ya Kalekye ni ya kwanza. Uandike Mwangangi, na mimi, na wewe, na Jonah. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mwaitu."

Hivyo ndivyo mtu wa kwetu anavyomwita mama yake. Nthenya akaandika. Alitumia ol, ile ya nambari. Moja, nyumba ya Kalekye. Mbili, nyumba ya Syombua. Ndani ya ile ya kwanza akafungua ul, akaweka majina manne, kila moja na kitone chake chenye shimo. Nilisimama nyuma yake nikaona jina la Mwangangi limekaa pale kama mtu yeyote. Nikamuuliza kama mama mkwe wake ameshaanza kusoma mambo ya simu. Akabonyeza kuhifadhi.

Najua mnachofikiria, kwamba orodha ni orodha. Sivyo. Kwetu kinachoandikwa siku ya mazishi hakifi siku hiyo. Chifu akiombwa barua ya kurithi shamba, kitu cha kwanza anachouliza ni nani walitajwa mazishini, na hata mahakamani mawakili huja wamebeba vijitabu vyangu vimekunjwa mfukoni. Kalekye aliacha shamba kando ya mto wa mchanga, mahali unapochimba kidogo tu maji yanatoka hata wakati wa kiangazi. Muthoki hana pengine pa kwenda. Akikosekana kwenye orodha, yeye ni mfanyakazi aliyekaa sana.

Gedion alijua hilo vizuri. Alikuja Migwani siku mbili kabla ya mazishi, suti ya kijivu, Biblia kwapani, akanisalimia "mama" ingawa tunalingana umri. Akaketi karibu na Nthenya, akaomba aone ukurasa.

"Kazi nzuri," alisema. "Lakini hizi nambari zitatuletea ugomvi. Sisi ni familia moja. Weka tu vitone."

Nthenya akabadilisha herufi moja mwanzoni na moja mwishoni, o ikawa u. Moja na mbili zikatoweka. Nyumba ya mke mkubwa ikawa sawa na nyingine kwa herufi mbili, na mimi nilikuwa nimesimama pale na rimu ya karatasi mikononi kama mjinga.

"Sasa hii," Gedion akaweka kidole kwenye skrini. "Mwangangi ni nani?"

"Anko, unamjua."

"Mimi najua hakuna mtu kama huyo. Pasta atasoma hii? Kanisa haliwezi kusoma jina la mtu ambaye hakuzaliwa. Na mwanamke haolewi na mwanamke, hiyo ni giza ya zamani. Andika tu marehemu hakujaliwa watoto. Mama yako tutamshukuru pale mwisho, kwa waliomtunza."

"Mwaitu alisema..."

"Wakwe zako wanakuja, si ndiyo?" Sauti yake ilikuwa ya upole, na huo upole ndio ulionichemsha damu. "Nasikia wanajua baba yako alikufa. Sasa wakisoma hapa hakuzaliwa, utawaambia nini? Mimi nakusaidia, Nthenya."

Nilimwambia Gedion duka langu si mahali pa kutishia watu. Akasema hamtishi mtu, anazungumza na mtoto wa nyumbani. Nikamtazama Nthenya nikitaka aseme neno, lolote, hata amtukane. Uso wake ulikuwa umekauka. Mkono wake ukaenda kwenye kibodi, akafuta Mwangangi, akafuta Muthoki, akafuta Nthenya, akafuta Jonah. Alifanya haraka, kama anayetoa mwiba.

Gedion akainama akatazama ukurasa. Majina hayakuwepo. Chini ya Kalekye vilibaki vitone vinne vyenye shimo, kimoja chini ya kingine, bila neno pembeni. Yeye alidhani ni maua tu ya kupamba. Akasema, "Sawa kabisa," akatuombea kwa dakika nzima, akaenda zake.

Mimi nilijua ni nini. Alikuwa amefuta majina, ila zile li zenyewe alikuwa ameziacha zimefunguliwa na kufungwa, hazina kitu ndani.

"Vitone vimebaki," nikamwambia.

"Nitavitoa."

"Heri ungetoa uongo wako kwa Ben."

Maneno makali, najua. Alifunga kompyuta akaenda kumchukua mtoto wake shuleni. Nilidhani atavitoa jioni ile. Mpaka leo sijui kama alisahau au kama kuna kitu ndani yake kilichokataa. Nimemuuliza mara mbili, na mara zote mbili amesema hajui.

Siku ya mazishi tulikwenda Zombe pamoja, mimi na yeye, Ben na mama mkwe wake, aliyevaa leso ya kikundi cha akina mama na kubeba keki nzima. Muthoki alitupokea langoni. Ni mwanamke mfupi, mikono yake mikavu na imara. Alimkumbatia Nthenya, kisha akamuuliza kwa sauti ya wazi, kwa fahari, "Umetuandika?"

"Nimeandika, Mwaitu," Nthenya akasema.

Nilitaka ardhi inimeze mimi, na uongo haukuwa wangu.

Shughuli iliongozwa na mwalimu Kitheka, binamu wa akina Gedion, kijana mzuri aliyesoma kila kitu kutoka kwenye simu. Alisoma maisha ya marehemu. Alisoma ratiba. Alipofika kwenye familia akasema, "Nyumba ya Kalekye," kisha akanyamaza. Akapangusa skrini kwa kidole gumba. Akapangusa tena kwa shati.

"Samahani, wazazi. Network inasumbua kidogo. Majina haijafunguka."

Basi watu wakatoa simu zao. Kila mmoja aliona vitone vinne na hakuna jina, na kila mmoja akalaumu mtandao. Mmoja akapanda juu ya kichuguu, akainua simu kana kwamba anakinga mvua. Mwingine akatangaza kwamba hata Doha hayajafunguka, wamepiga simu kuuliza. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Nthenya alikuwa pembeni yangu, na yeye peke yake hakutoa simu.

Hapo susu Nduku, dada yake marehemu Nzomo, akagonga fimbo. Ana miaka zaidi ya tisini na haoni vizuri, ila kusikia anasikia.

"Kitheka, mbona umenyamaza?"

"Susu, hapa chini ya Kalekye kuko na vitone nne. Majina ndiyo hakuna."

"Kitone ni nini?"

Mwalimu akafikiri. "Ni mahali mtu anaandikwa, susu."

"Kama mahali pako, mtu ako," Nduku akasema. "Na ni wanne? Basi ni sawa. Mbuzi za kumwoa Muthoki nilizila mimi, kwa hii mdomo. Soma."

"Siwezi kusoma, susu. Majina hazijaandikwa."

"Nani amezitoa?"

Pasta akatazama Biblia yake. Watu wakatazama kitambaa cha hema. Gedion akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Susu, mimi sijui mambo ya kompyuta. Hakuna aliyetoa mtu. Ukurasa umeandikwa na Nthenya, mtoto wa hapa hapa. Muulizeni yeye."

Nikasema kwa sauti, sikujali mimi ni mgeni, "Muongo wewe!" Lakini hakuna aliyenigeukia. Wote walikuwa wanamtazama Nthenya, na Muthoki kuliko wote. Uso wa Muthoki haukuwa na hasira. Ulikuwa wa mtu anayengoja kuambiwa kwamba hapana, si kweli.

Nthenya akasimama. Angeweza kusema ni mtandao. Watu mia mbili walikuwa tayari kumwamini. Angeweza kusema ni Gedion, na mimi ningeapa.

"Ni mimi," akasema. "Nilitoa kwa mkono wangu. Sikutaka wakwe zangu wajue Mwangangi hakuzaliwa. Niliwaambia alikufa."

Mama mkwe wake akaweka keki chini. Ben alimtazama mkewe kama anayemwona mara ya kwanza, na nadhani kwa kweli ndivyo ilivyokuwa.

Nthenya hakulia. Alichukua simu yangu iliyokuwa tayari imefunguliwa, akaingia mahali ukurasa unapohifadhiwa, na kwa dole gumba akaandika majina ndani ya zile li nne. Hapo sikuona ufundi wowote. Ilikuwa kazi ya mtu kurudisha viti alivyovitoa nyumbani kwa mama yake. Alichukua muda, kwa sababu alikosea herufi. Watu mia mbili walingoja. Halafu akabadilisha u mbili zikawa o, na nambari zikarudi.

"Refresh," akamwambia mwalimu Kitheka.

Mwalimu akasoma. "Moja. Nyumba ya Kalekye. Mwangangi, ambaye hakuzaliwa. Muthoki, mke wake. Nthenya. Jonah. Mbili. Nyumba ya Syombua..." Susu Nduku akawa anaitikia kwa kila jina, "Ndiyo, ndiyo," mpaka pasta naye akajikuta ameitikia mara moja.

Wakati wa udongo Muthoki alikuwa wa kwanza kutupa, kama inavyompasa mwenye nyumba. Jonah akafuata. Nthenya alipojongea, mama yake alikuwa ameshageuka anaelekea jikoni kuangalia chakula cha wageni.

Nitawaambia jinsi mambo yalivyokwenda, kwa sababu najua mtaniuliza. Chifu alikuwepo siku ile, na alipoandika barua aliandika alichosikia. Shamba la mto ni la Muthoki na wanawe, na Gedion siku hizi akinipita njiani hata "mama" haitoki. Ben, baada ya wiki moja, alimuuliza mkewe kama kuna mtu mwingine katika ukoo ambaye hakuzaliwa, ili ajue mapema. Huyo ni mwanamume mwema, na nimemwambia hivyo. Mama mkwe ndiye hajarudi kuwa yule wa zamani. Anamsalimia Nthenya kwa jina lake kamili, Nthenya Mwangangi, kila mara, mbele ya watu.

Lakini hayo yote Nthenya anayabeba. Kilichomlemea ni kingine, nami nilikiona kwa macho mwezi wa Desemba nilipomsindikiza Zombe. Tulimkuta Muthoki anachambua pojo uani. Alitukaribisha vizuri, vizuri kupita kiasi. Mimi alinirushia kigoda bila kunitazama, kama mtu anavyomfanyia jirani. Kwa Nthenya aliingia ndani, akatoa kile kiti cha mito, akakipangusa kwa kitambaa safi. Akamletea chai kwa kikombe cha sahani, kile ambacho hukaa kabatini kikimngoja pasta.

"Mwaitu, nipe tu kikombe changu," Nthenya akasema. "Na hiyo pojo lete nikusaidie."

"Kaa tu. Umetoka mbali."

Nthenya akakaa. Akaiweka chai chini, pembeni ya kiti. Nilianza kuuliza habari za mvua, nikaulizia Jonah, nikaongea kama redio, kwa sababu kama ningenyamaza tungelia sote watatu. Muthoki akanijibu moja moja, vidole vyake vikitenga mawe na pojo. Kisha akainua macho akamtazama binti yake, bila ukali wowote, kama unavyomtazama mtu wa ofisi aliyefika kwako na karatasi.

"Haya," akamwambia. "Leo umekuja kuandika nini?"